NYUMBA YA MABANZI SI AIBU

Nina jambo ambalo limenikaa rohoni tangu muhula uliopita, nami nimeona heri nilitoe hapa gazetini kabla halijaniozea tumboni.

Mtakumbuka kwamba chama chetu kilifanya mjadala katika ukumbi wa kulia chakula. Mada ilikuwa kwamba nyumba ya mbao na udongo ni ishara ya uvivu. Waliounga mkono walishinda, tena walishinda vibaya. Bwana mmoja wa kidato cha tatu (simtaji, anajijua) alisimama akatengeneza tai, akasema eti mtu anayelala katika nyumba ya mabanzi katika karne hii ya ishirini na moja ni mtu aliyekata tamaa ya maisha. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka. Nilicheka, ndugu wasomaji, ilhali likizo nzima iliyotangulia nilikuwa nimelala ndani ya nyumba ya mabanzi, ambayo misumari yake niliipigilia kwa mkono huu huu unaoandika! Nilipofika bwenini usiku huo sikupata usingizi. Kicheko changu ndicho kilichonisukuma kushika kalamu.

Kwa faida ya wenzetu waliotoka mbali, niseme kwanza banzi ni nini. Gogo likipelekwa kwenye mashine ya kupasua mbao, upande wa nje hukatwa ili kubaki pande za mraba. Kile kipande cha nje, chenye gome upande mmoja na kilicho bapa upande wa pili, ndicho banzi. Mwenye mashine hana haja nacho sana, kwa hiyo hukiuza kwa bei ya chini. Ukisafiri kutoka Kericho kupitia Litein hadi Bomet, utaona majiko, mazizi, vibanda vya kuuzia mboga, na nyumba za watu wengi tu, zote zimezungushiwa mabanzi. Si ajabu. Nchi yetu ni ya miti na mvua.

Sasa nieleze nilivyofika huko. Mimi nilizaliwa katika nyumba ya kampuni. Baba alikuwa mchumaji wa chai katika mojawapo ya mashamba makubwa, na kampuni yenyewe sitaitaja. Mnajua jinsi mashamba yale yalivyo: yalianza miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo kabla ya hapo Wakipsigis walikuwa wakilisha ng'ombe wao, na kwa kuwa wachumaji walitoka mbali, kampuni ziliwajengea nyumba kwa safu, ambazo hadi leo tunaziita laini. Nyumba ya laini si mbaya. Ukuta umenyooka, bomba la maji liko karibu. Lakini ina sharti moja ambalo mtoto halifahamu mpaka siku ile: nyumba inafuata kazi. Kazi ikienda, nyumba nayo inakwenda.

Na kazi zilikwenda. Mashine za kuchuma chai zimekuwa zikiingia mashambani kwa miaka mingi, na wengi mlisikia jinsi baadhi yake zilivyoteketezwa kwa moto Kericho mnamo Mei 2023, watu walipoandamana. Mashine moja yafanya kazi ya mikono mingi, na mikono mingine mojawapo ilikuwa ya baba yangu. Barua yake ilifika Machi 2024. Alikuwa amechuma chai miaka 19. Alijua majani mawili na kichipukizi hata gizani, lakini hakujua kusimamisha nguzo. Kwa nini angejua? Tangu ujana wake alikuwa akilala chini ya paa lililopigwa na mtu mwingine.

Tulikwenda kwa Kogo, yaani nyanya yetu, upande wa Bomet, ambako ana kipande chake cha chai anachouzia kiwanda cha wakulima wadogo. Humo uani kulikuwa na nyumba ya baba. Nasema nyumba, lakini ulikuwa msingi tu. Miaka kadhaa nyuma alikusanya akiba yake, akaleta mawe na saruji, fundi akamchorea vyumba vitatu na sebule, msingi ukafika magotini, fedha zikaisha. Nyasi zikaota ndani. Mbuzi wa Kogo walikuwa wakilala sebuleni. Tembeeni vijijini kwetu mkahesabu misingi ya namna hiyo. Msianze kuhesabu jioni, giza litawakuta njiani.

Baba alitaka kwenda kwenye chama cha akiba na mikopo, aongeze ukuta. Kogo alimsikiliza, akakoroga moto, akamwambia, "Mwanangu, mvua haingoji mkopo." Na kweli haikungoja. Hiyo ndiyo Aprili ya 2024 ambayo mafuriko yaliikumba Kenya nzima, hata wizara ikaahirisha kufungua shule kutoka tarehe 29 Aprili, zikafunguliwa Mei 13. Wenzangu wengi mlilalamika kwamba mmepoteza muda wa masomo. Mimi katika siku hizo nilisoma zaidi ya nilivyowahi kusoma darasani.

Mwalimu wetu alikuwa baba mdogo, ambaye shule aliiacha darasa la sita. Alitwaa kamba, akaifunga mafundo matatu, kutoka fundo hadi fundo futi 3, kisha futi 4, kisha futi 5, akaivuta ikawa pembetatu. Pembe iliyo kati ya 3 na 4 akaifanya kona ya nyumba. Mimi nikapiga kelele, "Baba mdogo, hiyo ni Pythagoras!" Akaniuliza, "Huyo ni fundi wa wapi?" Tulicheka sana. Halafu nikafikiri. Mimi nimeipata tisa jumlisha kumi na sita kuwa ishirini na tano katika mtihani, nikapewa alama zangu, wala sikujua kwamba ile hesabu inaweza kumzuia mtu asijenge nyumba iliyopinda. Yeye hajui jina lake, lakini nyumba zake zimenyooka. Nani kati yetu aliyeisoma?

Ilikuwa nyumba ya futi 20 kwa 10, vyumba viwili. Nguzo za kona tulizitoa kwenye ua wa zamani wa Kogo. Zilikuwa za mutarakwa, ambazo babu alizichimbia kabla baba hajazaliwa, na tulipozing'oa ule upande wa chini ulikuwa bado mgumu na wenye harufu nzuri. Mutarakwa mchwa haupendi. Nguzo nyingine zilikuwa za mkaratusi kutoka mpakani mwa shamba. Hizo mchwa anazipenda kama sisi tunavyopenda chapati za Ijumaa, kwa hiyo tulizimenya gome, tukaunguza sehemu ya kuingia ardhini juu ya moto mpaka ikawa nyeusi, kisha tukaipaka oili chafu ya gari. Mashimo yalikwenda chini futi 2. Kila nguzo ilipimwa kwa timazi, yaani jiwe lililofungwa kwenye uzi, na tukashindilia mawe na udongo kwa mti. Nguzo moja tu hatukuipima vizuri kwa sababu mvua ilianza na kila mtu akakimbia. Ikawa ndiyo ya mlango. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, na heri walinena hivyo, maana mlango wetu hadi leo hujifungua wenyewe usiku tukisahau kuweka kigogo.

Kwa sababu ya mvua tulianza na paa kabla ya ukuta, ili udongo ukikandikwa upate kukauka pakavu. Hapo ndipo palipotokea neno. Kwetu, kama mahali pengi, paa ni kazi ya wanaume na kukandika ni kazi ya wanawake. Mwanamke hubeba maji, hubeba udongo, hubeba kinyesi cha ng'ombe, hukanyaga, hupaka, na nyumba ikiisha husemwa kwamba ni fulani aliyejenga, na fulani huyo ana suruali. Basi siku ile wanaume walikuwa wawili na ndugu yangu mdogo mwenye miaka tisa, na mabati 18 yalikuwa yakingoja. Nikapanda ngazi. Mzee mmoja jirani akasimama njiani akasema, "Wewe msichana, shuka! Msichana hapandi paa." Kogo alikuwa anachambua mboga. Hakuinua hata kichwa. Alisema, "Mwacheni. Mvua ikinyesha itauliza ni nani aliyepigilia?" Yule mzee akaenda zake, na kesho yake, nisimdhulumu, akaja na nyundo yake.

Huko juu nilijifunza mambo ambayo mtu wa chini hayaoni. Msumari wa bati haupigwi bondeni ambako maji hupita. Hupigwa juu ya mgongo. Bati hulaliana likielekea mahali ambako upepo hautoki, la sivyo upepo utalifunua kama ukurasa wa daftari. Na hapa kwetu bati lina adui mwingine. Kericho na Nandi ni miongoni mwa mahali duniani ambapo mvua ya mawe hupiga mara nyingi kabisa katika mwaka. Ikianza, ndani ya nyumba ya bati hamsikilizani, mnaangaliana tu kama mabubu.

Kisha ikaja siku ya udongo. Tulikuwa tumepigilia mabanzi upande wa nje na fito upande wa ndani, na katikati pakawa pa kujaza. Udongo tulikuwa tumeuchimba siku mbili kabla, tukauchanganya na nyasi zilizokatwa na maji, tukauacha ulale. Jumamosi kokwet nzima ilikuja. Kokwet, kwa wasiojua, ni ule ujirani wetu wa Kikipsigis, watu wanaosaidiana kazi na kuamuana ugomvi. Hakuna aliyealikwa kwa kadi. Walisikia, wakaja na majembe. Wanawake walikanyaga udongo huku wakitaniana maneno ambayo mhariri hataniruhusu niyaandike, na hadi jua linazama kuta zote nne zilikuwa zimejaa. Malipo yao yalikuwa kimyet, sagaa, na mursik ya Kogo. Hebu niambieni, ni mkandarasi gani atakayekujengea kuta nne kwa ugali na maziwa?

Siku ya 17 tangu kamba ya mafundo tulilala ndani. Ukuta ulikuwa bado na unyevu, na nyumba ilinuka kama shamba lililolimwa. Baba alilala chali akitazama paa lake. Alikaa muda mrefu, halafu akasema, "Hii hakuna atakayeniandikia barua nitoke." Sijawahi kumsikia akisema jambo lingine kuhusu kazi yake.

Naam, najua mtakavyonijibu. Mtasema ninasifu umaskini. La hasha! Nyumba yetu ina kasoro, na mimi ninayelala humo nazijua kuliko mwenye tai. Sakafu ya udongo isiposiribwa kila mara huleta vumbi na funza. Moto ukishika banzi kavu hakuna mjadala. Panya wanajua nafasi zote. Siku baba akipata fedha za saruji nitakuwa wa kwanza kubeba mchanga. Ninachopinga ni ule ujinga wa kulala nje miaka kumi kando ya msingi wa mawe kwa kuogopa kuchekwa ndani ya mabanzi. Ule msingi tumeufanya bustani ya sukuma wiki kwa sasa. Utangoja.

Wengine mtaniambia habari za msitu, na hapo mna haki. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku ikakaa hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Miaka hiyo mitano bei ya mbao ilipanda, na banzi nalo likajifanya bwana. Sisi ni wana wa Mau. Itare na Kipsonoi hutoka huko, na mmeona wenyewe ukanda wa chai wa Nyayo uliopandwa tangu 1986 ili watu wasiingie msituni. Kwa hiyo sisemi mtu achukue panga akaingie Mau. Mkaratusi hukua upesi, tena ukiukata huchipuka upya kwenye kisiki. Viwanda vya chai vyenyewe huupanda kwa ajili ya kuni za kukaushia majani. Mtu mwenye robo eka anaweza kupanda nyumba yake akiwa kidato cha kwanza na kuikata akiwa mtu mzima. Ila asiupande mtoni, maana hunywa maji kama mgonjwa wa homa.

Na hii habari ya kuwa nyumba ya miti ni ushamba, tumeitoa wapi? Wenzetu wa Marekani, ambao tunaiga mavazi yao na hata kutembea kwao, wana nyumba ya magogo ambayo waliipokea kutoka kwa wahamiaji wa Uswidi na Ufini waliofika Delaware mwaka 1638. Magogo yanalazwa moja juu ya jingine, yanachongwa kwenye pembe yakaumana, na nyufa zinazibwa kwa udongo, sawasawa na udongo wa Kogo. Abraham Lincoln alizaliwa katika nyumba kama hiyo huko Kentucky mwaka 1809, chumba kimoja. Je, waliificha? Waliifanya sifa! Hata kabla yake, mwaka 1840, William Henry Harrison aliomba kura kwa alama ya nyumba ya magogo, naye alizaliwa katika jumba la kifahari. Yaani tajiri alijisingizia banzi ili apendwe, na sisi wenye mabanzi tunayakana ukumbini.

Nyumbani kwa lugha yetu ni vivyo hivyo. Kama mwanachama wa Chama cha Kiswahili niwakumbushe kwamba yale majumba ya mawe ya Lamu, ambayo tunayaona vitabuni na kuyastaajabia, vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu moja: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, na boriti ni mti wa mkoko uliokatwa kwa shoka na kubebwa mabegani. Majahazi yalizipeleka boriti hizo hadi Arabuni. Jumba la mawe la tajiri lilipimwa na mti. Na maneno yenyewe, boriti, fito, kenchi, timazi, kupaua, kuezeka, kukandika, kusiriba: wangapi kati yetu wanaweza kuyatumia bila kufungua kamusi? Tunayakariri kwa ajili ya karatasi ya mtihani, kisha tunayatapika humo na kuondoka.

Walimu wetu wa makamo watakumbuka kwamba mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliahidi mtoto atatoka na ujuzi mikononi. Shule za msingi zilikuwa na ufundi, watoto wakipiga randa na kufinyanga. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa, karatasi zikabaki. Sasa wadogo zetu wako katika mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017, na ahadi ni ile ile. Mimi sina neno na mtaala. Naomba tu jambo dogo ambalo halihitaji wizara.

Mnamjua yule mama mzee anayetuuzia mahindi ya kuchoma nje ya lango. Jiko lake liliangukiwa na mti mvua zilipoanza, na tangu hapo anapikia chini ya karatasi ya nailoni. Ana mikaratusi miwili ambayo amekubali ikatwe, na mabati ya zamani yapo, yanahitaji kunyooshwa tu. Pungufu ni mabanzi, misumari na watu. Kila mwaka chama chetu hukusanya fedha za safari, tunapanda basi, tunawaangalia flamingo, tunarudi. Mwaka huu naomba nusu ya fedha hizo ziwe mabanzi. Baba mdogo amekubali kuja na kamba yake, na mwalimu wa hisabati ameniambia atakuja kuiangalia.

Mlezi wa chama nilipomwuliza alitabasamu, akasema nimletee kwanza majina ya watu 20. Ninayo 7. Karatasi nimeibandika kwenye mlango wa maktaba. Wasichana nao waandike bila kungoja kuulizwa. Ngazi ni moja na tutapanda kwa zamu. Anayekuja aache sare bwenini. Yule bwana wa kidato cha tatu nimemwachia nafasi ya nane, na tai anaweza kuja nayo, tutafungia fito.